Chonge la Baba

Watu wa Uvira hawaamini kwamba jino linaweza kupona. Mguu ukivunjika wataufunga vijiti na kungoja. Hata mbuzi akichechemea watamwangalia siku mbili tatu kabla ya kutafuta kisu. Jino likiuma hakuna mjadala, ling'olewe. Mimi ni muuguzi, na kwa miaka kumi na moja nimefanya kazi katika kliniki ndogo ya meno pale Kimanga. Namshikia daktari taa, nachanganya dawa, navuta mate ya wagonjwa kwa mrija. Katika miaka hiyo yote, wagonjwa walioingia wakasema wanataka jino lao libaki naweza kuwahesabu kwa vidole na vidole vikabaki. Wengine huingia wameshika shavu, wanaketi, wanafungua mdomo na kuonyesha. Hili. Toa.

Daktari wetu ni mtu mpole wa kutoka Bukavu, na upole wake wakati mwingine unanitia hasira. Kila mmoja anamweleza upya. Anamwambia kwamba jino lina mzizi, ndani ya mzizi mna njia nyembamba kama uzi, na ndani ya njia hiyo umepita mshipa. Mshipa huo ndio umeoza na ndio unaomliza. Ukitolewa, njia ikasafishwa na kuzibwa vizuri, jino linabaki mahali pake na linatafuna miaka mingine mingi. Inabidi kurudi mara tatu tu. Wanamsikiliza kwa adabu zote, ndiyo docta, ndiyo docta, halafu wanamwuliza atalitoa saa ngapi. Mama mmoja anayeuza ndagala, dagaa wa ziwani, aliniambia kwamba mtu mwenye akili hapandi pikipiki mara tatu kwa sababu ya jino moja. Nilipomulika mdomo wake niliona kwamba kwa vyovyote hakubakiwa na meno ya safari nyingi.

Nawadharau, na sioni sababu ya kuficha. Dharau hii sikuiokota njiani. Niliirithi kwa baba yangu, ambaye anaweza kumdharau mtu kwa namna anavyokunja shati, na ambaye mdomo wake ndio ulioniletea haya ninayoandika.

Baba alifundisha shule ya msingi mpaka alipostaafu. Sasa ni msemaji. Familia ikienda kuposa, au ikipokea watu waliokuja kuposa, haiendi na mdomo wowote tu. Inatafuta mtu anayeweza kuzungumza saa nzima juu ya ng'ombe aliyepotea na nyayo zake zilizoishia kwenye ua huu, kabla hajataja kwamba kuna msichana ndani. Baba anazungumza Kifuliiru cha wazee, anawageuzia watu wa bonde Kirundi chao, na kijana aliyesoma akijaribu kumvimbia anamjibu kwa Kifaransa cha ubaoni. Nusu ya ndoa za Mulongwe zimepita katika ulimi wake. Wanamwita asubuhi, wanamwita jioni, wanampa kiti cha mbele. Nyumbani hana mengi, lakini kiti cha mbele anacho.

Meno yake ya nyuma yalikwisha zamani. Aliyang'olewa moja moja na yule mzee wa sokoni mwenye koleo ndani ya kopo la siagi, mzee ambaye baba alimdharau sana na kila mara alirudi kwake. Mbele ilibaki safu nzima ya juu, kutoka chonge hadi chonge, na baba aliitunza kwa mswaki na mkaa uliosagwa kama mtu anavyotunza nguo yake ya mwisho ya kanisani. Alijua kitakachofuata. Kule Lubarika kulikuwa na msemaji mwenziwe, mtu wa sifa, aliyeng'olewa chonge na meno mawili ya jirani. Tangu siku hiyo kila sauti ya S ilimtoka kwa mluzi. Wasichana wa upande wa wakwe walicheka ndani ya vitambaa vyao, na baada ya harusi mbili hakuna aliyemwita tena.

Sasa mtu anayejua hayo yote, na anayetunza safu yake namna hiyo, alikuwa akifungua chupa kwa chonge la kushoto.

Lazima nieleze. Kwetu kinywaji hakifunguliwi jikoni. Kisa ni karuho, sumu ambayo hakuna aliyewahi kuiona lakini kila mtu ana jirani aliyekufa nayo. Inasemekana inafichwa chini ya ukucha, inadondoshwa ndani ya glasi kwa kidole, na haina haraka: inaweza kukaa mwilini miezi mitatu ndipo ianze kukukausha. Kwa hiyo chupa huja imefungwa, hufunguliwa mbele ya macho yako, na anayekupa huonja kwanza. Mtoto wa miaka mitano anajua hivyo. Baba aliona desturi hiyo ina tundu. Kifungulio je? Kimelala wapi? Nani alikishika? Kimefutwa na kitambaa cha nani? Basi yeye hakugusa kifungulio cha mtu. Alipokea chupa, akaigeuza kutazama kama kifuniko kimechezewa, akaitia pembeni ya mdomo na kukibandua kwa jino. Ya kwake, halafu ya mzee wa kulia, halafu ya mzee wa kushoto. Wanawake walipiga vigelegele. Mtu wa miaka sitini na minane, mwalimu mzima.

Nilimwambia. Nilimwambia kama binti, nikamwambia kama muuguzi, nikamwonyesha kwenye simu picha za meno yaliyopasuka. Alinijibu mara moja tu na hakurudia.

“Meno ni yangu,” alisema. “Kifungulio ni ya nani?”

Asiyesikia la mkuu huvunjika guu, lakini methali haisemi chochote kuhusu mkuu mwenyewe asiyesikia la mtoto. Chonge lilipasuka kule bondeni, kwenye mahari ya mpwa wake, mbele ya watu zaidi ya mia. Nilikuwa nimeketi kwenye benchi la wanawake na nilisikia mlio wake, mdogo na mkavu. Baba alimeza kipande pamoja na bia, akafuta mdomo na kuendelea kuhutubia. Hakumwambia mtu. Mficha maradhi kifo humuumbua, na yake yalimuumbua baada ya wiki tatu. Kwanza alitafuna upande mmoja. Halafu akawa analowesha bugali ndani ya mchuzi mpaka unayeyuka. Halafu shavu likavimba, akaanza kupokea wageni akiwa amekaa ubavu.

Shangazi yangu, ambaye kwetu tunamwita masenge, ni dada mkubwa wa baba na anaishi naye tangu afiwe na mume. Alilichukua jino hilo kama kazi yake. Alianza na chumvi, akaenda kwenye tumbaku, na tumbaku iliposhindwa akachovya pamba ndani ya petroli na kuipachika. Nilipofika kumsalimu baba alinuka kama pikipiki, na masenge alikuwa amesimama nyuma yake kwa fahari akingoja nimsifu.

Ubaya ni kwamba jambo kubwa lilikuwa linakuja. Mdogo wangu wa mwisho, kitinda mimba wa baba, alikuwa ameposwa na familia ya bondeni, na siku ya mahari ilikwishapangwa, Jumamosi, wiki tatu mbele. Wajomba walipoona shavu walipendekeza kwa upole kumtafuta msemaji mwingine. Baba aliwafukuza. Alisema wengine wote aliwaoza kwa mdomo wake na huyu pia atamwoza kwa mdomo wake, na siku atakayokaa kimya mtu mwingine akimtoa binti yake, siku hiyo wasimwekee kiti kabisa. Kesho yake, kabla sijafungua mlango wa kliniki, nilimkuta kwenye benchi la wagonjwa. Alikuwa peke yake. Amevaa kofia, kashika shavu kama wengine.

“Mama,” aliniita, kama anavyoniita akiwa na neno zito, “hii jino isitoke.”

Naomba mtu anielewe hapo. Katika maisha yangu yote baba hakuwahi kuniomba kitu. Alipokuja na maneno ambayo nimeyangoja miaka kumi na moja kutoka kwa mgonjwa yeyote, na mgonjwa huyo ni yeye, nilijisikia mrefu. Nilimwingiza mbele ya foleni yote na sikumwomba mtu radhi.

Daktari alipiga picha ya jino. Ufa ulikuwa juu tu, haukufika kwenye mzizi, lakini mshipa ulikuwa umekufa na usaha umejikusanya chini. Alimchoma sindano ya ganzi, akatoboa jino kwa nyuma, akaanza kuingiza zile sindano nyembamba zenye meno kama msumeno, kila moja nene kidogo kuliko iliyotangulia, akikwaruza na kuosha, akikwaruza na kuosha. Maji ya kuoshea yananuka kama ya kufulia mashuka meupe. Baba alifumba macho na kushika mikono ya kiti. Mwishoni nilichanganya dawa nyeupe juu ya kioo, daktari akaijaza ndani ya mzizi, akafunika kwa kifuniko cha muda na kumwambia asiguse, asitafunie upande huo, arudi baada ya siku kumi. Baba alishuka kwenye kiti, akapapasa mdomo uliolala ganzi, akajaribu sentensi mbili za kuwakaribisha wakwe. Zilitoka zimepinda lakini zilitoka. Siku hiyo nilirudi nyumbani nimeinua pua. Nilisema moyoni, angalau mmoja.

Siku ya nne nilikwenda Mulongwe kumtazama. Nilimkuta uani, amekaa juu ya kigoda, uso ameuelekeza juani. Mkononi ana kioo cha pikipiki. Masenge amemshika kidevu kwa mkono mmoja, na kwa mkono wa pili anachokonoa ndani ya jino kwa pini ya kufungia nepi. Juu ya kitambaa, gotini mwa baba, ilikuwa imetandazwa dawa yangu nyeupe, yote, imekusanywa vizuri kama ushahidi.

Walinieleza bila aibu. Masenge alikuwa amemwuliza baba docta aliweka nini, baba akasema dawa. Akamwuliza nani aliionja. Hilo tu. Mtu asiyejulikana ukoo wake, aliyetoka Bukavu juzi, amekuwekea kitu cheupe mdomoni, amekifunika na kifuniko, halafu amekwambia usifungue kwa siku kumi.

“Karuho ingine iko namna gani?” aliniuliza masenge.

Nikiri kwamba nilitafuta tundu katika hoja hiyo na sikuliona. Ilikuwa upumbavu uliopigwa pasi, hauna hata kunyanzi moja. Nilishikwa na hasira. Nilimwambia masenge maneno ambayo mtoto hamwambii masenge. Nilimwambia kwamba petroli aliipachika bila kuionja, tumbaku vilevile, nikamwuliza pini ile imetoka kwenye nepi ya mjukuu gani. Alinisikiliza mpaka mwisho, akakunja kitambaa na kusema, bila kunitazama, kikulacho ki nguoni mwako. Maneno hayo alimwambia baba, si mimi. Nilingoja baba amjibu. Huyu ni mtu anayeweza kujibu wakwe ishirini kwa pumzi moja. Aliweka kioo chini.

Niliondoka bila kuaga, na njia nzima hadi darajani nilikuwa nikizungumza peke yangu.

Jino lililoachwa wazi ni shimo, na kila kinacholiwa kinaingia. Siku mbili zikapita, shavu likarudi. Daktari aliniambia kwamba tukiosha upya kesho au keshokutwa tunaweza kuliwahi, lakini tukiendelea kuchelewa usaha utakula mfupa na atabaki na koleo tu. Ilikuwa Jumatatu, na Jumamosi ya mahari ilikuwa ya wiki iliyofuata. Nilimtuma mdogo wangu, bibi arusi mwenyewe, aende amlilie baba. Mimi sikuwa na machozi ya kumpa.

Alikuja Jumanne. Alikuja na koti lake la sherehe, lile la kahawia, na masenge nyuma yake na kitambaa kipya cha kichwani, kama watu walioalikwa. Alipanda kwenye kiti, akajinyoosha, lakini mdomo hakufungua. Nilikuwa nimekwishachanganya dawa, iko tayari juu ya kioo. Baba akaiangalia, akamgeukia daktari na kuanza hotuba. Alimshukuru kwa kazi yake. Akasema anajua amesoma na hana ubaya naye. Akasema kila nchi ina adabu yake, na mgeni mwenye akili hufuata adabu ya kule alikofika. Mimi niliijua ile njia ya maneno. Ndivyo anavyozunguka akimtafuta yule ng'ombe aliyepotea.

Daktari alielewa mapema kuliko nilivyodhani, akacheka kidogo. Alisema dawa hiyo si chakula, inachoma ulimi, lakini tone moja halimdhuru mtu, na kama baba anataka ataionja yeye mwenyewe. Alikwishanyoosha kidole.

“Hapana weye,” alisema baba. “Yeye.”

Alikuwa ananionyesha mimi.

Kwanza nilidhani anafanya mzaha. Nilimtazama masenge, alikuwa ameinamisha kichwa lakini macho yalikuwa juu. Nilimwuliza baba kama ameyasema hayo kwa akili zake. Nilimkumbusha kwamba mimi ni mwanawe, kwamba miaka yote nimemwosha, nimempikia, nimemchoma sindano za malaria, na hakuna hata siku moja aliyoniuliza nimechanganya nini.

“Ile dawa inapitia mu mikono yako,” alisema. “Mwenye kutoa njo anaonjaka. Minye nilikufundisha vile. Onja, mama.”

Nasema wazi nilichosikia, kwa sababu nimekuwa nikikisema kwa mzaha kwa watu na kila nikikisema hivyo najiongopea. Niliumia. Hasira ilikuwa imekwenda na mahali pake palikuwa na kitu kama njaa. Nilitaka kuvua koti langu jeupe, niliweke juu ya magoti yake, nitoke. Chonge lioze. Wakwe wacheke. Nilifikiri hayo yote nikiwa nimeshika kile kijiko kidogo cha kuchanganyia, na najua hazikuwa sekunde chache, kwa sababu daktari baadaye aliniambia kwamba dawa ilikuwa imeanza kukauka.

Nikaonja. Ina ladha ya chokaa ya ukutani, na kweli inachoma. Baba aliangalia koo langu. Hakuangalia uso wangu, aliangalia koo, kuhakikisha nimemeza, kama anavyowaangalia watu wa harusi anapopewa glasi na wasiomjua. Nilimeza.

Masenge akatoa kauli yake. Alisema kwa sauti ya chini kwamba karuho haiui siku moja, kila mtu anajua, kwa hiyo kuonja kwa leo hakuonyeshi kitu, ingekuwa vizuri kungoja. Miezi mitatu, nadhani, tukiwa tumekaa pale na mdomo wazi. Baba aliinua mkono.

“Nyamaza, dada,” alisema. “Sikukuwa na mashaka ya dawa. Nilitaka nione kama atakubali.”

Akafungua mdomo.

Alidhani amenipa heshima. Niliiona usoni mwake, raha ya mzee aliyepima kitu na kukikuta sawa. Sijui hadi leo kipi kibaya zaidi, baba anayeogopa kwamba utamwua, au baba ambaye hana wasiwasi wowote na bado anakulisha chokaa mbele ya watu kujifurahisha. Kazi ilichukua dakika arobaini. Kwa dakika zote arobaini nilimchukia baba yangu, na kwa dakika zote arobaini nilimshikia taa na kuvuta mate yake kwa mrija. Mara moja tu daktari alinipa kipande cha shashi, akaonyesha kwa kidevu macho yangu.

Safari hii kifuniko hakikuguswa. Wiki iliyofuata, siku ya Alhamisi, daktari alitoa dawa, akakuta njia ni kavu na haina harufu, akaiziba kwa vile vijiti laini vya utomvu mpaka ncha ya mzizi, na juu akajenga jino upya kwa saruji ngumu ya rangi ya meno. Aliikwangua na kuing'arisha mpaka hata mimi nikawa natafuta ufa ulipokuwa. Ilikuwa kazi nzuri kuliko zote nilizomwona akiifanya, na alimfanyia mtu aliyemdhania muuaji. Alimkataza kufungua chupa. Baba alijiangalia kwenye kioo, akagonga jino kwa ukucha mara tatu, akasema limekuwa zuri kuliko wenzake.

Jumamosi wakwe walifika kutoka bondeni na mitumba miwili ya vitenge, na mitungi ya pombe ya ndizi juu ya gari, na mwavuli ulioshikiliwa juu ya mzee wao ingawa hapakuwa na mvua. Baba alisimama. Sitajifanya kwamba sikusikiliza. Hakuna S iliyopiga mluzi, hakuna neno lililomponyoka. Aliwazungusha wale watu kwenye vilima vya babu zao na kuwarudisha, akawachekesha kwa Kirundi, akawanyamazisha kwa Kifuliiru, na mdogo wangu alilia ndani ya nyumba kwa namna inayotakiwa. Halafu akafika kwenye maneno ya kukabidhi. Alisema kwamba sisi tunaweka mtoto wetu mikononi mwao bila kuuliza mikono hiyo imeshika nini jana, kwa sababu undugu ni kuaminiana. Wakwe walipiga makofi. Mimi nilikuwa nyuma yake na sinia, na nilikaribia kucheka kwa sauti.

Kwa sababu nilikuwa nimepewa kazi ya kufungua chupa za wazee. Wajomba ndio waliopanga hivyo: muuguzi, kucha fupi, anajulikana. Nilitembea mstari mzima na kifungulio kipya, nilichokitoa kwenye karatasi yake mbele yao, nikiinama, nikifungua, nikimimina, nikionja kidogo, nikitoa. Wazee wa bondeni waliangalia kucha zangu na wazee wetu wakaangalia kucha zangu, na walipoona nimemeza walisema asante mwanangu. Sikuwalaumu. Nilikuwa nawacheka tu moyoni, mmoja mmoja, wote wale wanaume wenye fimbo wanaoogopa kidole cha mwanamke.

Baba alikuwa wa mwisho kwenye mstari. Nilifungua chupa yake, nikamimina. Alikuwa bado amesimama, uso unang'aa kwa jasho na furaha, na watu wote walikuwa wanamtazama. Kabla povu halijashuka alinyoosha mkono apokee. Hakuuliza, hakuangalia koo langu, hakuangalia hata glasi. Alikuwa ananitazama mimi, machoni, na mkono wake uko wazi mbele yangu. Nilielewa maana yake vizuri kabisa. Baba hajui kuomba msamaha, hajawahi kumwomba mtu, na pale mbele ya wakwe alikuwa ananiomba.

Lakini glasi haikuwa mkononi mwangu tena. Ilikuwa mdomoni, na nilikuwa nimekwisha kuonja.

Aliliona povu kwenye mdomo wangu wa juu. Akateremsha macho, akapokea.